Lozi Chungu ya Profesa

Ko, ko, ko. Kabla sijaona chochote nilisikia kijiko kikigonga kioo nyuma ya mlango wa maabara, nikajua kizibo cha chupa kimeganda. Aliyekigandisha nilimjua pia, maana nilikuwa nimevaa viatu vyake.

Mwaka 1991 shule yetu ya Kigali ilikuwa na utajiri wa ajabu: chupa moja ya kemikali iitwayo benzaldehidi. Kitabu cha Kifaransa kilisema inanukia lozi chungu, maelezo ya msaada mkubwa kwa darasa ambalo halijawahi kuona lozi, chungu wala tamu. Mwalimu wa kemia, Mzaire wa Bukavu tuliyemwita Profesa, alitupa onyo moja: isiachwe wazi, hewa huigeuza kuwa asidi, fuwele nyeupe za kugandisha vizibo.

Lakini mimi nilikuwa na wito uliopita kemia. Kila Jumatatu, zamu yangu ya kufuta meza, niliifungua, nikavuta pumzi, nikatafuta neno la harufu ile na kuliandika daftarini. Fasihi ya dunia ilikuwa inanisubiri.

Siku hiyo ya kijiko ulikuwa mtihani wa kuamua nani abaki sayansi. Kizibo kilipong'oka, tulichanganya aldehidi hiyo na asetoni, tukatia soda kali ya kuziunganisha, tukangoja fuwele za manjano. Benzaldehidi haijiungi na yenyewe, Profesa alitufundisha. Ina adabu, humngoja mwenzake. Siku hiyo ilingoja bure, kwa sababu asidi iliyotokana na Jumatatu zangu ilikuwa imeimeza soda yote. Nikamkumbuka baba, aliyekwisha kuwatangazia majirani wa Nyamirambo kwamba anasomesha mfamasia.

Profesa alikusanya madaftari. La kwangu akalisoma kwa sauti, Jumatatu baada ya Jumatatu, mpaka alipofika: "Kama dawa ya kikohozi iliyovaa nguo za kanisani."

Benchi la nyuma liliniita mshairi. Halikuwa na nia ya kunisifu.

"Mwanangu," alisema, "kila neno hapa limekunywa aldehidi yangu."

"Naomba unisamehe, Profesa."

"Hii ya kikohozi iko sawa kabisa. Enda kwa watu wa lugha. Wao hawana chupa."

Nikachukua daftari langu, nikatoka. Nyuma yangu aliufunga mlango polepole, akausukuma mpaka ukakaza, kama mtu anayezuia hewa isiingie.