Malkia Aliyekataa Ng'ombe

Malkia yule hakuolewa, na watu wa Bariadi walilisikia hilo kutoka kinywani mwangu. Ninalisema mwanzo kabisa kwa sababu hadi leo wapo wanaodai kwamba niliitia chumvi ile tamthilia, kwamba Kiingereza kilinishinda nikaamua kutunga mambo yangu. Kiingereza hakikunishinda. Alisema haolewi, nami nikasema haolewi.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Chama cha ushirika hakikuwa tena mnunuzi pekee wa pamba. Kila msimu waliingia watu binafsi na mizani zao na pikapu zao, kila mmoja akimponda mwenzake. Sabuni ilirudi madukani. Shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke aliyekuwa ameachika na hakuona haya kulisema hilo mbele za watu, alikuwa akifuata mitumba Mwanza. Safari moja alirudi bila mitumba. Alishusha kwenye basi televisheni, deki, jenereta ndogo na boksi la kanda alizouziwa na mzungu aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Akajenga kibanda cha mabati jirani na uwanja wa mnada wa ng'ombe, akapanga mabenchi, akatundika magunia mlangoni kuzuia mwanga. Siku za mnada onyesho lilianza saa nane mchana.

Kanda za ngumi hazikuhitaji maneno, ila watu walizichoka. Kilichobaki kwenye boksi kilikuwa tamthilia moja ndefu, iliyorekodiwa kutoka televisheni ya huko Ulaya, kuhusu malkia wa zamani aliyetawala nchi bila mume. Shangazi akanifuata shambani, ambako nilikuwa napalilia tangu nimalize kidato cha nne.

"Umekula ada ya baba yako na Kiingereza kimekaa tu tumboni," akaniambia. "Njoo ukitapike."

Basi nikawa mtafsiri. Nilisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi. Wakizungumza wale wa kwenye televisheni, nasikiliza, halafu nawaambia watu. Kibanda kilijaa wakulima na wafugaji walioleta mifugo mnadani, wengine wametoka Ipililo, wengine mbali zaidi. Sijawahi tena kuona watazamaji kama wale. Hawakutazama kimya. Waliitazama ile tamthilia kama baraza la ukoo linavyosikiliza kesi, na kila mmoja alikuwa na hoja.

Kwanza walitaka kujua ng'ombe wa malkia wako wapi. Niliwaambia hawaonyeshwi. Mzee mmoja akasema, "Mtu tajiri hivyo, zizi lake lisionyeshwe? Hiyo nchi ina njaa." Wachumba walipoanza kuja kutoka nchi za mbali, wakileta picha zao zilizochorwa na mikufu ya dhahabu, kibanda kiliangua kicheko. Picha! Mtu anaposa na picha! Halafu likaja swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu, nami nikiwemo: mahari ikiletwa, anayeipokea ni nani? Baba wa malkia amekufa. Kaka hana. Zizi ni lake mwenyewe. Atajipokelea ng'ombe wake mwenyewe, halafu aende akaishi kwa nani?

Na wazee wa baraza la malkia walipoanza kumsumbua azae mrithi, bibi mmoja aliyekaa chini karibu na mlango alishindwa kuvumilia.

"Mayu," akaniita, kwa heshima anayopewa mama ingawa nilikuwa kibinti, "waulize hao wazungu, huyu hana dada? Si mtoto wa dada yake atakalia kiti? Watemi wetu wa zamani waliachia kiti mtoto wa dada. Makelele yote haya ni ya nini?"

Nikamjibu kwamba dada yake alishakufa bila mtoto. Bibi akafikiri. "Basi wamwache apumzike," akasema, na kibanda kizima kikakubaliana naye.

Mimi nilikuwa na sababu zangu za kufuatilia hoja hizo. Kulikuwa na mnunuzi wa pamba kutoka Nyashimo, mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye alikuwa amemtuma mshenga kwa baba. Ukame ulikuwa umemmaliza baba. Zizi letu lilikuwa limebaki na ndama wachache waliokonda. Kaka yangu alikuwa na mchumba na hakuwa na ng'ombe wa kumwolea. Kwetu hesabu hiyo kila mtu anaijua: ng'ombe wanaoingia kwa dada ndio wanaotoka kwa kaka. Kwa hiyo sikuwa naposwa mimi tu. Kaka yangu naye alikuwa anaoa kwa mgongo wangu, na alisema hivyo kwa furaha kabisa, na sikuweza kumchukia kwa hilo. Nilichukia tu kwamba hakuna aliyeniuliza.

Mnunuzi yule hakukosa onyesho hata moja. Alikaa benchi la mbele, pikapu yake imeegeshwa palepale nje, na aliipenda tamthilia kuliko wote. Alikuwa na hakika kwamba malkia ataolewa na yule bwana mpanda farasi aliyekuwa kipenzi chake. "Mwanamke mwenye mali hupenda kubembelezwa," aliwaambia watu. "Huyu anaringa tu." Siku moja akasimama kabisa na kutangaza: "Siku malkia akiolewa, na mimi napeleka ng'ombe." Wakapiga makofi. Wakanitazama mimi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kuanzia siku hiyo, kila malkia alipomkataa mchumba, watu walimtania mnunuzi. Alicheka nao mwanzoni, baadaye akaacha kucheka. Kanda ilipobaki moja, alinifuata nilipokuwa nafagia kibanda.

"Hawa hawajui Kiingereza," akaniambia taratibu, kwa sauti ya mtu anayekupa ushauri mzuri. "Mwishoni sema ameolewa. Inakupunguzia nini? Baba yako atafurahi, kaka yako atafurahi, na watu watakwenda nyumbani wameridhika."

Hasira iliyonipanda siwezi kuisimulia vizuri hata sasa. Habari za kuninunua mimi nilikuwa nimekwisha kuzizoea. Lakini yule mwanamke alikuwa amefia kwao miaka mingi kabla babu zangu hawajazaliwa, hakuwa na habari na Nyashimo wala na pamba, na bado mtu huyu alitaka kumwoza ili yeye asichekwe mnadani!

Siku ya kanda ya mwisho kibanda kilifurika mpaka wengine wakachungulia kwenye matundu ya misumari. Baba alikuja. Hakuwahi kuja kabla. Mnunuzi alimpisha akae mbele, wakakaa bega kwa bega.

Malkia alikuwa ameshazeeka, uso umepakwa poda nyeupe, na baraza lilikuwa linamwomba kwa mara ya mwisho. Aliinuka kwenye kiti chake. Alizungumza polepole, na kila neno nililielewa. Mnunuzi alinitazama akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayemkumbusha mtoto.

Nikaweka fimbo chini. Sikutumia Kiswahili, kwa sababu Kiswahili wazee wengi walikisikia nusu, na nusu hiyo ingetosha mtu kujifanya hakuelewa. Nilisema kwa Kisukuma, lugha tuliyonyonya.

"Yaya," nilisema. Hapana. "Nalema. Nimekataa. Anasema mume hataki, hakumtaka jana na hatamtaka kesho, na anayetaka kuolewa aolewe yeye."

Hilo la mwisho nililiongeza mimi. Halikuwa kwenye kanda, na sitaliondoa.

Yule bibi wa mlangoni alipiga kigelegele. Baba aliinuka akatoka bila kuniangalia. Mnunuzi hakutoka. Alikaa mpaka picha ikaisha, akanigeukia mbele ya wote na kusema: "Hiyo ni televisheni, binti. Ng'ombe wanakuja."

Na walikuja kweli. Aliwaleta juma lile lile, mchana, wakiswagwa na vijana wake, na majirani wakajipanga kando ya njia kuwatazama. Walikuwa ng'ombe wazuri, sitadanganya. Kaka yangu aliwazunguka akiwagusa migongo, na uso wake uliniumiza kuliko maneno yote ya baba.

Katika ukoo wetu, kabla miti ya lango la zizi haijaondolewa, binti huitwa mbele ya wajomba na wageni, akaulizwa kama ng'ombe wapokelewe. Ni kawaida tu. Binti hutazama chini, na kimya chake ndilo jibu. Sijasikia aliyewahi kutumia ile nafasi kusema. Malkia alikuwa na askari na kasri. Mimi nilikuwa na shangazi, ambaye alikuja amevaa gauni la mtumba jekundu akasimama nyuma yangu, na swali moja ambalo wazee waliliweka pale zamani na kusahau kwamba linaweza kujibiwa.

Mjomba akauliza. Nilimtazama usoni.

"Wasiingie," nikasema.

Alidhani hakunisikia, akauliza tena. Nikarudia. Mshenga akaanza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye. Baba alikuwa ameshika mti wa kwanza wa lango, tayari kuuvuta. Alibaki ameushika. Nilijua anaweza kuuvuta tu. Mikono ilikuwa yake na zizi lilikuwa lake. Lakini majirani walikuwa wamesikia, wajomba walikuwa wamesikia, na swali aliloliruhusu liulizwe lilikuwa limejibiwa. Akauachia.

"Mmesikia," akawaambia wageni, kwa sauti iliyokauka. "Warudisheni."

Vumbi lilipotulia aliniambia nisilale tena chini ya paa lake. Mama alinifungia nguo kwenye kanga, akaninong'oneza ningoje giza liingie, nipite njia ya mtoni, maana binti aliyefukuzwa hupita mahali asipoonekana.

Sikungoja. Nilijitwisha furushi kichwani jua likiwa kali, nikafuata njia kuu mpaka mjini kwenda kwa shangazi, nikapita katikati ya soko ambako kila mtu alikuwa ameshapata habari. Nilitembea polepole. Walionisalimia niliwaitikia, na waliogeuza nyuso niliwasalimia mimi.