Hakuna Aliyenituma Ulaya

Ipo Jumapili moja naikumbuka, mjukuu wangu, na kila nikiikumbuka damu hunichemka kana kwamba ni ya juzi. Nilidhani nimeshaisahau. Kumbe ilikuwa imekaa tu, inakungoja wewe.

Maana jana ulikuja ukakaa kwenye kiti hicho, ukanieleza safari yako ya kuzunguka Ulaya, miezi miwili, wewe na begi lako, nchi baada ya nchi. Nilifurahi mpaka nikasahau kumeza dawa. Halafu ulipokuwa ukivaa viatu ukashusha sauti ukasema, "Lakini Nyanya, watu nimewaambia ni kozi. Ukiulizwa, sema ni kozi." Nikaitikia, nikakufungia mlango, nikarudi kukaa, na hasira ikanipanda ambayo sikujua bado ninayo. Jana nisingeweza kukuambia ila kwa matusi. Leo nimetulia kidogo. Kidogo tu.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kwisha. Umoja, hapa Nairobi, ilikuwa mtaa mpya, rangi za kuta hazijachujuka, na mimi nilikuwa na nyumba yangu pale, mwanamke mzima asiye na mume. Hilo peke yake liliwatosha watu kuongea mwaka mzima. Nilifanya kazi Industrial Area, kiwanda cha mashati, nikisimamia washonaji wa kola. Upande wa mikono ya shati msimamizi alikuwa Akinyi, mwenzangu kazini na jirani yangu wa kupakana ukuta. Unamjua, ndiye yule bibi wa mtaa wa Huruma unayempelekea biriani kila Idi.

Nani alianzisha habari ya Ulaya, hatujakubaliana mpaka leo. Yeye husema ni mimi, mimi husema ni yeye. Ninachojua ni kwamba mashati yetu yalikuwa yakipakiwa kwenda huko, na tulipokuwa tukila githeri yetu, mahindi na maharagwe, getini mmoja wetu akauliza, kwa nini shati liende na aliyelishona abaki? Tukacheka. Kesho yake tukaulizana tena, na hatukucheka.

Basi tukaanza kupanga. Tuliacha kuchukua likizo ili zijikusanye. Jumamosi tulishona nguo za harusi na sare za shule, cherehani zetu mbili zikipokezana kelele mpaka majirani wakagonga ukuta. Akinyi alibandika ramani ya Ulaya sebuleni kwake, imekatwa kutoka atlasi ya shule, na njia ya treni tukaichora kwa uzi mwekundu uliozungushwa kwenye pini za ushonaji. Yeye alitaka Roma, tangu alipokuwa mtoto kwenye mafundisho ya kanisa alitaka kuliona kanisa kubwa la Roma kabla hajafa. Mimi nilitaka Uhispania, kwenye makasri ya Waislamu wa zamani, ambayo mwalimu wangu wa madrasa kule Pumwani alitusimulia mpaka tukasahau kusinzia. Uzi ulifunguliwa na kufungwa mara nyingi, tukigombana kama wake wenza. Makoti tulinunua kwenye mitumba ya Gikomba, mazito, yale ambayo hakuna mtu Nairobi aliyeyataka. Viatu tulivilainisha kwa kutoka kazini kwa miguu hadi Umoja, na vijana wa kona wanatupigia mluzi.

Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na ninakuambia hivi ili ujue walichotaka kutunyang'anya.

Shida ilianzia kwenye ofisi ya pasipoti. Karani aliniangalia juu mpaka chini akaniuliza, "Mama, umetumwa na nani?" Nikasema hakuna. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayeongea na kiziwi. Elewa, mwanangu, siku zile mtu hakwenda Ulaya bila kutumwa. Ulitumwa na serikali, au kanisa, au shule, au mume ameshatangulia anakuita. Kwenda tu, kwa macho yako na miguu yako, ilikuwa ni jambo lisilo na jina. Tena pasipoti ilitaka mdhamini wa kutia sahihi. Mimi nilidhaminiwa na mkuu wa stoo kiwandani, mzee mcheshi aliyesema sharti nimletee kofia. Akinyi alidhaminiwa na kaka yake, Odhiambo, mtu wa reli aliyekaa Makongeni. Nilidhani amemweleza kaka yake ukweli. Sikuuliza.

Mimi nilimweleza mama yangu ukweli, na kwa adabu nikaenda kwa Baba Mdogo Athmani, ndugu wa marehemu baba yangu, aliyekuwa na duka pale pale Umoja na ndiye mkubwa wetu. Nikamwamkia, nikaketi juu ya gunia la mchele, nikamwambia yote.

"Nani anakutuma?" akauliza.

"Hakuna, Baba. Nakwenda kutembea, nitarudi."

Akapanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mwisho akasema, "Haya. Niachie mimi. Tutakufanyia dua uende vizuri." Nikambusu mkono. Nilitoka dukani nimejaa shukrani, na hiyo shukrani ndiyo inayoniuma zaidi.

Ikafika Jumapili yenyewe. Hema la kukodi limefungwa mbele ya nyumba yangu, wanaume nje kwenye mikeka, wanawake ndani, pilau linanukia mpaka barabarani. Akinyi nimemkalisha karibu nami. Mama mmoja jirani akaingia na binti yake wa shule, akamsukuma mbele yangu. "Mwangalie vizuri Zuhura," akamwambia, akinionyesha kwa kidole. "Ukisoma kwa bidii, na wewe utapelekwa Uingereza kusomea unesi miaka mitatu."

Nikadhani amekosea nyumba. Mwingine akanipa beseni, ndani mna vitambaa vyeupe, akasema ni vya hospitali. Wa tatu akaniuliza kama kweli mwaka wa kwanza wanapasua maiti. Nikamgeukia mama yangu. Mama alikuwa akiangalia kikombe chake.

"Mama, wanasema nini hawa?"

"Nyamaza, watu wanasikia."

"Nani kawaambia nakwenda kusoma?"

"Baba yako mdogo," akasema. "Zuhura, tungesemaje? Kwamba binti yetu anakwenda kuzurura Uzunguni? Tumetaka uondoke na heshima."

"Heshima ya nani?"

Akainuka kwenda kuongeza chai. Na hapo nikafahamu kitu walichonifanyia. Likizo yangu ilikuwa ya miezi miwili. Msichana aliyeagwa kwa hema kwenda kusoma miaka mitatu, akirudi baada ya miezi miwili, amerudi na nini? Amefeli, au amefukuzwa, au ana mimba. Walinipa kuchagua kati ya kurudi na aibu na kutokwenda kabisa, na wakanipikia pilau juu yake. Sijui kama ni mama aliyeniudhi zaidi au baba mdogo, lakini nadhani ni mama.

Nikangoja dua iishe, maana sikuwa mshenzi. Imamu aliniombea nifaulu mitihani, wakasema amina. Kisha nikavaa viatu, nikatoka, nikasimama mbele ya mikeka ya wanaume, mahali ambapo mwanamke hasimami. Akinyi akanishika buibui kwa nyuma nikajinyofoa.

"Nawashukuru kwa dua," nikasema. "Lakini mmeiomba kwa uongo. Mimi siendi kusoma. Nakwenda kutembea, miezi miwili, na nitarudi kazini kwangu."

Mzee mmoja mwenye upole wake akauliza, "Kutembea kwa nani, binti?"

"Si kwa mtu, mzee. Nakwenda kuona nchi za watu."

Mtu akacheka nyuma. Baba Mdogo akasimama na sahani yake mkononi. "Zuhura, ingia ndani."

"Nitaingia ukiwaambia ukweli."

"Ukiondoka namna hiyo," akasema, "usiniite baba tena." Akaweka sahani chini akaenda zake dukani. Wengine walibaki wakala pilau lao lote, hilo sitalisahau, na yule wa beseni alipotoka alitoka na beseni lake kwapani.

Nikarudi ndani nimesimama wima. Niliogopa, lakini nilijihisi mwepesi. Nikamtafuta Akinyi tucheke pamoja. Hakuwepo.

Kesho yake saa ya chakula tulikuwa getini na wenzetu, Akinyi hanisemeshi, nami sijui kwa nini. Odhiambo akatokea upande wa reli amevaa sare ya kazi. Hakumsalimu mtu. Akasimama mbele ya dada yake, wafanyakazi wote wanaangalia.

"Akinyi, ni kanisa gani limekutuma?"

Akinyi akafunika bakuli lake.

"Nimetoka kwa pasta sasa hivi. Anasema hajui hiyo maneno. Huko Umoja kila mtu anaongea ati mnaenda kuzunguka tu. Mimi nilitia sahihi kwa sababu ulisema ni kanisa."

"Ningekwambia ukweli ungekubali?" Akinyi akasema, taratibu sana.

"Hujaniambia, kwa hivyo hatutajua. Leta pasipoti."

Nikaruka mimi. Nilimwambia Odhiambo maneno ambayo sitayarudia mbele ya mjukuu wangu. Nilimwambia huyu ni mwanamke mzima anayesimamia wanaume kazini, si mtoto wa kunyang'anywa peremende. Akanijibu bila kunitazama, "Wewe nyamaza. Kama angekuwa amesema ukweli kama wewe, leo ningekuwa nabishana na yeye. Sasa sina la kubishana." Hapo ndipo aliponiziba mdomo, na namchukia kwa hilo pia, kwa sababu alikuwa na haki nusu. Akinyi akafungua mkoba, akampa. Pasipoti ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa alichokitarizi mwenyewe. Kaka akaitia mfuko wa shati, akaenda.

"Si ungenyamaza tu, Zuhura?" Akinyi akaniambia. "Si ungesema tu ni masomo? Umeniuza."

"Sikujua umemdanganya."

"Sasa umejua."

Mpaka leo tukigombana tunarudi hapo. Yeye husema ningefunga mdomo tungekwenda wote. Mimi husema sikukosea, na sitaomba radhi kwa kusema kweli nyumbani kwangu. Lakini usiku mwingine nalala namkasirikia yeye, namkasirikia kaka yake, nalikasirikia lile hema, na sipati wa kumlaumu peke yake.

Nilikwenda. Miezi miwili kamili, treni kwa treni, kwa ule uzi mwekundu niliokuwa nimeukariri. Niliona mengi ambayo nimekusimulia tangu utotoni, makasri ya Uhispania, theluji niliyoionja nikaitema. Ila kila nilipokaa dirishani, kiti cha pili kilikuwa na mgeni, na kila mgeni nilimkasirikia bure. Roma nilifika. Nilisimama mbele ya kanisa lile, Mwislamu mimi, nikalia kwa ghadhabu mpaka mtawa mmoja akanipa kitambaa akidhani nimeguswa na imani.

Niliporudi Umoja unadhani watu walisema nini? Nilisema ukweli mbele ya hema zima, wameusikia kwa masikio yao. Wakaja mmoja mmoja kunishika mkono. "Pole, Zuhura. Masomo ya wazungu ni magumu." Baba Mdogo mpaka anaingia kaburini aliwaambia watu nilifukuzwa chuoni. Chuo ambacho hakikuwepo! Walikuwa wameshaupenda uongo wao, umewakaa vizuri, ukweli wangu walikosa pa kuuweka.

Sasa nasaha yangu, na uisikie kama ninavyoisema, kwa hasira, kwa sababu kwa upole umeshaambiwa mengi. Ifute hiyo habari ya kozi. Nenda kwa mama yako, kwa wajomba, kwa bosi wako, uwaambie, nakwenda kutembea kwa sababu nataka. Watakucheka, wengine watakununia, bibi mmoja atachukua beseni lake. Wacha wachukue. Watakugombeza, na wewe uwagombeze, maana ugomvi wa ukweli huisha siku moja. Uongo utakusubiri uwanja wa ndege siku ya kurudi, na kila utakachokiona huko utalazimika kukificha. Furaha ukiiita kazi ili watu waikubali, umeshawapa haki ya kukudai hesabu yake. Na kama una mwenzako wa safari, muulize leo amewaambia nini kwao. Mimi sikuuliza.

Mungu akupeleke, mwanangu. Akufungulie njia, akulinde na baridi na wezi wa treni, akurudishe umejaa na mwenye mdomo wa kusimulia. Kila kitu utanisimulia mimi. Ila ukienda Huruma, Roma usiitaje kwa Akinyi. Siku niliporudi alikuja mlangoni kwangu, nikaanza kumsimulia, akaniwekea kiganja mdomoni. "Usiniambie," alisema. "Nitaona mwenyewe nikienda." Magoti yake sasa hayamfikishi hata dukani, na mimi bado sijamwambia.