Oksijeni ya Nyota kwenye Chupa

Mchana huu sijala. Ni kwa kinyaa.

Mkimaliza kusoma mniambie, mngekuwa mimi mngefanyaje?

Kazi yangu mnaijua: napima oksijeni kwenye mawingu ya gesi yanayong'aa, kwenye galaksi za mbali. Grafu zake naziposti hapahapa.

Leo napita mtaa wa Kanyenye, jamaa ana kipaza sauti, anauza maji ya chupa. "Oksijeni ya nyota, inashusha presha."

Kwenye lebo, grafu yangu.

Nikamwambia hiyo gesi hakuna aliyewahi kuigusa, tunapima mwanga wake tu. Akacheka. "Dada, usiniharibie biashara."

Nimefika nyumbani nimefura. Mezani, chupa ileile.

"Shikamoo mama. Na wewe umenunua?"

"Marahaba. Nimeona mchoro wako, mwanangu, ndiyo nikaamini. Vidonge vya presha nimeshavitupa."