Nyumba Isiyopokea Wageni

Wenyeji wa Guangzhou, huku China, wamelibandika eneo letu jina la Mji wa Chokoleti. Jina tamu, lakini wanaolitaja ndio hao hao wanaoziba pua tukiingia nao kwenye lifti. Sisi wenyewe tunasema Xiaobei, basi. Ni vichochoro nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, na mizigo iliyozungushiwa solotepu mpaka haijulikani ndani kuna nini, na wanawake wanaouza ndizi za kupika kwenye mabeseni. Siku hizi vijana wa Kichina huja na simu iliyochomekwa kwenye fimbo, wakatupiga picha tunanunua nyanya. Nilimuuliza mmoja anachopiga ni nini hasa. Akanijibu kwa adabu kabisa kwamba hajawahi kufika Afrika. Nikamwambia karibu.

Watu wanadhani tulijikusanya hapa kwa kupapenda. Hebu mpigie simu dalali wa mtaa mwingine. Nyumba ipo, dirisha lipo, jua linaingia asubuhi. Ukifika, ukaonekana sura, nyumba imeshachukuliwa. Imechukuliwa na nani, Mungu ndiye ajuaye, maana tangazo bado limebandikwa pale pale mlangoni. Mwenye nyumba wa Xiaobei naye hatupendi, anapenda kodi, na kwetu anaipandisha kidogo kama zawadi. Basi tukajaa hapa, halafu wakatushangaa kwa nini tumejaa hapa.

Nina shoga yangu mmoja, mtu wa Dar kama mimi. Tulikuja pamoja, tukakaa chumba kimoja Xiaobei. Mimi nanunua madaftari na midoli mtaa wa Yide Lu, yeye ananunua magauni soko la Kangle, tunapakia pamoja kupeleka kuuza Dar. Ila yeye ana kipaji: Kichina. Akiwa kwenye simu, mabosi wa Kangle walidhani wanaongea na binti wa Beijing. Kipaji hicho kikamtia kiburi. Akaanza kusema "wale". Wale wanapiga kelele, wale wanakaanga samaki, wale wanatuharibia jina. Na samaki mwenyewe nimemkaangia mimi, kamla, na kichwa kakifyonza.

"Shoga, tukijitenga nao tutaheshimiwa," aliniambia siku moja.

"Na uso utauacha wapi?" nikamuuliza.

Akaninunia wiki nzima, lakini hakuacha kutafuta. Madalali walimpenda kwa sauti wakamkana kwa macho, mmoja baada ya mwingine, mpaka akapata ng'ambo ya mto. Majengo mapya, bustani, kidimbwi cha samaki wekundu ambao hawakaangwi, na geti linalofunguka kwa kukutazama uso. Mwenye nyumba alimpa sharti moja tu: asipokee wageni kutoka Xiaobei. Akakubali. Tena si kukubali tu, alikuja kutusimulia kama sifa.

"Kule hakuna hodi hodi," akasema. "Mimi ndiye mweusi peke yangu jengo zima."

Alivyolitamka, ungedhani kavishwa nishani. Sisi tuliolelewa kwa "mgeni njoo, mwenyeji apone" tukatazamana. Kha! Mtu anajisifia upweke? Mkataa kwao mtumwa, nikamwambia, na yeye akasema mimi nina wivu. Wivu wa nini? Geti lenyewe jioni lilikuwa halimwoni. Alisimama mbele ya ile mashine, akasogea, akarudi nyuma, akainua kidevu kama anapigwa picha ya pasipoti, mpaka mlinzi atoke kumfungulia. Hilo alinisimulia mwenyewe, akaniomba nisiwaambie wale. Niliwaambia siku ile ile.

Hata hivyo kila Ijumaa alivuka mto kuja kwangu, maana heshima haina wali wa nazi. Alikula, akalaumu kelele za koridoni, akarudi kwake na bakuli la kesho.

Sasa, asubuhi moja niko Yide Lu, nabishana na laoban wa madaftari, bosi mwenye roho ya korosho, simu ikalia. Ni yeye. Hakuwa na Kiswahili wala Kichina, alikuwa na kilio. Mama yake amefariki alfajiri, Dar. Hasira zangu zote zikanitoka, nikayaacha madaftari hapo hapo mezani. Mama yule nilimjua. Ndiye aliyetusindikiza uwanja wa ndege na mfuko wa bagia, akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, muangalie mwenzio."

Kusafiri asingeweza. Pasipoti yake ilikuwa ofisi ya viza, mkononi ana risiti tu. Na maiti wetu hangojeshwi, mama angezikwa siku ile ile. Kilichobaki ni kimoja: akae matanga huku huku, wenzake waje wampe mkono, wamsomee mama Yasini, yeye wamlishe hata kwa nguvu. Aliyefiwa haachwi na kuta zake. Kwetu hilo halina mjadala.

"Njooni," aliniambia. "Njooni nyote."

Nyote, yaani pamoja na wale.

Tukaenda. Wanawake wa Dar, wa Unguja, wa Mombasa, na jirani yangu Mkongomani aliyebeba sufuria kubwa kuliko yeye mwenyewe. Tulipanda treni ya chini ya ardhi na mikeka yetu, kanga zetu na mchele wetu, na abiria wakatupisha mpaka viti vikabaki vitupu. Siku hiyo kukimbiwa kulitufaa, tulikaa wote.

Getini mlinzi, mtu mzima mwenye miwani, akanyoosha mkono. "Bu xing," akasema. Haiwezekani. Tukamweleza kuna msiba. Bu xing. Akampigia mwenye nyumba, na mwenye nyumba akamkumbusha lile sharti. Hapo shoga yangu akashuka. Alisimama ndani ya vyuma, kanga kichwani, macho yamevimba, sisi tuko nje na sufuria. Akaanza kuongea Kichina chake kile, kila neno limepigwa pasi. Alimwambia mlinzi kwamba mama yake amekufa, na hawa ni watu wake wamekuja kumlilia.

Watu wake! Nilisikia, maana Kichina cha kiasi hicho ninacho.

Mlinzi akaona haya, haki ya Mungu naona aliona haya. Akatoa alichoweza: tuingie mmoja mmoja, kwa mlango wa nyuma wanakopitisha taka, mtu akae kidogo, akitoka aingie mwenzake. Miaka yangu yote sijapata kuona mtu akipewa pole kwa zamu.

Shoga yangu alitutazama, akatazama bustani yake. Mimi neno lilikuwa liko ulimini, limeiva: si ulitaka heshima, haya, ndiyo hiyo. Nikalimeza kwa ajili ya mama yake, na lilikuwa chungu.

Kuingia pale kuna mashine na walinzi, lakini kutoka unabonyeza kitufe tu. Akabonyeza. Akatufikia, akakaa chini njiani, mgongo kwenye ukuta wa jengo lao zuri. Tukatandika mikeka pale pale. Akalia, na safari hii hakulia Kichina. "Mama yangu wee! Umeniachia nani, mama!" Bi mkubwa mmoja wa Unguja akamkanya, kwamba kilio cha sauti hakifai, amuombee dua. Kisha yeye mwenyewe akaangua kilio kikubwa kuliko cha wote, na sisi tukaitikia. Nililia mpaka kifua kikauma. Nilimlilia mama wa watu, nikamlilia na wangu aliye hai, yuko mbali.

Juu madirisha yakafunguka. Simu zikachomoza, tukapigwa picha tena. Watu waliorudi na mboga zao wakasimama kutazama. Ndipo meneja wa majengo akaja mbio, tai imekwenda upande, jasho linamtiririka, na loo! Sharti limeyeyuka. Ingieni, tafadhali, ingieni ndani, mlango mkubwa huu hapa, nyote, na mikeka yenu. Tulipokuja kama wageni tulikatazwa. Tulipokuwa aibu ya barabarani tukabembelezwa.

Mimi kwa uchovu nikaanza kukunja mkeka. Shoga yangu akanishika mkono. Akafuta pua kwa pindo la kanga, akamtazama meneja yule kuanzia viatu kwenda juu.

"Bu xing," akamwambia.

Kisha akatugeukia sisi. "Nipelekeni Xiaobei."

Matanga tuliyaweka chumbani kwangu, siku tatu. Watu walijaa ndani, wakafurika koridoni, wakakaa kwenye ngazi. Wale walikuja wote, hata ambao hakuwa akiitikia salamu zao. Wakamsomea mama yake, wakamkaangia samaki, wakamnyima nafasi ya kukaa peke yake hata chooni. Bibi wa Kichina wa chini yangu, anayenigongea dari kwa ufagio kila Ijumaa, alipanda kuja kugombana. Alipoona kanga na vichwa vilivyoinama, akashuka kimya. Baadaye tukakuta machungwa mlangoni. Ijumaa iliyofuata akaendelea na ufagio wake, na mimi nikafurahi kuusikia.

Tangu hapo shoga yangu yuko kwangu. Anakoroma, tena ananiambia tui langu jepesi. Chumba hakitutoshi, na Xiaobei kwenyewe vyumba vimekuwa adimu, kwa hiyo anatafuta nyumba upya, kwa Kichina kile kile. Juzi nilikuwa napara samaki, nikamsikia anaongea na dalali. Dalali anasifia dirisha, anasifia jua la asubuhi. Zamani angeanza na kodi.

"Mimi ni mtu wa Afrika," akamwambia kwanza. "Nikifiwa, watu wangu wataruhusiwa kuingia kulia?"

Dalali akasema maneno mawili matatu, simu ikakatika.

"Kasemaje?" nikamuuliza.

"Imeshachukuliwa."

Akatafuta namba nyingine, akapiga, akauliza vile vile.