Kamera na Kiti cha Kushoto

Tangu tajiri afunge kamera ndani ya lori la saruji, dereva wake hana siri. Akipiga miayo, inapiga kelele. Akitazama pembeni, inamchongea ofisini. Umbea mtupu! Ila siku aliposinzia ndiyo iliyomwamsha, kwa hiyo anaivumilia shingo upande.

Leo, aliposimama kujaza mafuta, msimamizi akampigia.

"Mzee, kila ukimaliza kilima unageukia kiti cha kushoto. Kuna nini hapo?"

Hapo ndipo alipokaa marehemu mkewe miaka yote, akimmenyea chungwa baada ya kila kilima.

"Hakuna kitu."

"Basi tazama mbele, mzee wangu."

Akaondoka, akatazama mbele. Kilima kilipoisha, mkono wake wa kushoto ukanyooka wenyewe, kiganja wazi. Macho yalikuwa barabarani, kwa hiyo kamera haikusema kitu.