Springi Tulizozikalia

Enzi zile ambapo vimo vyetu vilikuwa havijapita bonati ya gari, katika miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi, gari halikuwa la mtu mmoja hata kama kadi yake ilibeba jina moja. Sisi tuliokulia Malindi ya Unguja tunalijua hilo vyema. Vichochoro vyetu vilikuwa vyembamba kiasi kwamba mchukuzi wa gunia alipokutana na baiskeli, mmoja wao alilazimika kujibana mlangoni mwa watu. Kwa hiyo gari la mtaa lililala nje uwanjani, mbele ya baraza, chini ya macho ya kila mtu. Likikohoa asubuhi, majirani wote walijua, na kila mmoja alikuwa na rai yake juu ya kikohozi hicho.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Gari lake lilikuwa dogo, kuukuu, la rangi ya chai iliyozidi maziwa, na aliachiwa na kaka yake aliyehamia bara. Ndani lilinuka mafuta ya taa na karafuu. Wasichana tulicheza rede kando yake, tulijificha nyuma yake tulipocheza kibe, na tulikaa juu ya bampa tukila ubuyu hadi vidole vikawa vyekundu. Mama alipotuona alitupigia kelele kutoka dirisha la ghorofani: "Mikono hiyo isifike kwenye nguo, wala kwenye gari la watu!" Alisema "la watu", ingawa lilikuwa letu.

Ila springi za nyuma zilikuwa zimekufa. Kwa wale ambao hawajapata kuziona, ni mabapa ya chuma yaliyolazwa moja juu ya jingine na kupindwa kama upinde, ndiyo yanayoubeba mgongo wa gari. Za kwetu zilikuwa zimelala bapa kabisa, na baadhi zimevunjika. Kila shimo la barabara lilipanda moja kwa moja hadi kwenye meno ya abiria.

Aliyeumia zaidi ni Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa akiishi Bububu. Aliwahi kuteleza kisimani akaumia nyonga, na tangu hapo mabasi yenye mabenchi ya mbao hakuyaweza. Mara ya mwisho tulipomrudisha kwake kwa gari letu, alishuka akiwa ameshikilia ukuta, machozi yakimlengalenga. Akamwambia Baba kwa upole uliotuogopesha kuliko ukali: "Mwanangu, radhi zangu unazo. Lakini gari hili sirudi kulipanda. Nikitakiwa mjini, nileteeni habari tu."

Idi iliyofuata tuliiadhimisha bila yeye. Tulivaa nguo mpya, tulikwenda Mnazi Mmoja, tulipanda pembea na kula barafu za kijiti, lakini kiti chake sebuleni kilibaki kitupu na hapakuwa na mkono wa kuubusu. Baba alikitazama kiti kile siku nzima. Nasi tulielewa.

Ramadhani ya mwaka uliofuata ilipoingia kumi la mwisho, Baba alilipeleka gari gereji. Fundi wa pale, mtu mwema na hodari, alimwonyesha magari yaliyojaa uwanjani mwake. "Mwalimu, vipuri ni adimu na kazi ni nyingi. Liache hapa, ntalitazama baada ya Sikukuu."

"Baada ya Sikukuu sina safari," Baba akajibu.

"Basi subira. Springi hazifungwi majumbani, Mwalimu. Zinataka mashine ya kuzikandamiza."

Baba alirudi na gari lake. Usiku, wakati wa daku, alimwambia Mama maneno ambayo nimeyabeba hadi chuoni na hadi leo: "Gereji ni ya kazi tusiyoiweza. Hii bado hatujaijaribu."

Springi alizipata Mbweni, katika gari bovu lililokuwa likizeeka nyuma ya nyumba ya rafiki yake, ambaye alifurahi kupunguziwa chuma. Zilikuwa nzima lakini zimeliwa na kutu, na zilikuwa na bapa moja zaidi ya zile zetu. Watoto tulikabidhiwa usafi. Tulizisugua kwa makumbi ya nazi, mchanga na mafuta ya taa mpaka chuma kikatoa rangi yake, kisha tukazipaka grisi kama tunaopaka hina. Mikono yetu ilinuka hadi ustadhi wa chuo cha Kurani akatusogeza karibu na dirisha. Hatukuona haya hata kidogo. Nchi nzima wakati ule ilikuwa ikijenga. Wakubwa wetu walitoka kwenda kujitolea katika majumba mapya ya Michenzani wakarudi na saruji kwenye nywele. Na sisi tulikuwa na kutu kwenye kucha.

Siku ya ishirini na tisa ya mfungo, baada ya sala ya adhuhuri, Baba alitandika mkeka nyuma ya gari. Barazani walikuwapo wanaume wenye saumu na wasio na kazi, mchanganyiko ambao hakuna fundi anayeuombea. Kiongozi wao alikuwa Mzee Makame, mshona viatu.

"Yakhe Mwalimu! Hiyo ni springi ama upinde? Unakwenda kuwinda?"

"Namwinda mama yangu," Baba akajibu bila kugeuka. "Nimlete mjini."

"Basi tahadhari. Gari halisikii chaki."

Alizifungua za zamani, akazifunga mpya kwa ncha zake za mbele na juu ya ekseli, chuma kinachoshika magurudumu, akalishusha gari likazikalia. Hapo ndipo tulipokwama. Springi zile zilikuwa ngumu mno. Zilijipinda, na kwa kujipinda zikawa fupi. Matundu yake ya nyuma hayakuvifikia vishikio yalikopaswa kufungwa. Yalipungua upana wa kidole tu. Baba alivuta kwa kamba, akasukuma kwa mti, wanaume wawili wakaja wakaegemea, bila mafanikio. Barazani ikasikika sauti: "Mashine, Mwalimu! Fundi nshamsikia mimi, kasema mashine!"

Dirisha la ghorofani likafunguka. "Baba Salha," Mama aliita, "hiyo mashine ya gereji inafanya nini hasa?"

"Inakandamiza."

"Inakandamiza kwa kitu gani?"

"Kwa uzito."

"Uzito tu?" Mama akacheka. "Uzito na sisi tupo?"

Muda si mrefu mlango wetu ulitoa mabuibui, moja baada ya jingine. Mama alikuwa amewakusanya jirani zake, na mbele yao alikuwa Bi Mize, muuza sambusa, mwanamke aliyejaa mwili na heshima.

"Haya, Bi Mize atangulie," alisema Mzee Makame. "Wengine hawatohitajika."

Bi Mize alisimama, mkono kiunoni. "Mzee Makame, ulipofunga saumu, mdomo wako uliusahau nje? Mimi siingii kwa unene. Nnaingia kwa ujirani."

Baraza nzima ikaangua kicheko. Wanawake wakajazana kiti cha nyuma, sisi watoto tukapakiwa kwenye buti kama mihogo. Gari likashuka taratibu, springi zikanyooka, zikarefuka, na upande wa kulia tundu likakutana na kishikio chake. Baba akapitisha bolti. Vigelegele vikatoka madirishani.

Upande wa kushoto uligoma. Ndani ya tundu ilibaki kutu ambayo macho yetu ya kitoto hayakuiona. Baba alilala ubavu, akaisugua kwa msasa kidogo kidogo, jasho likimtiririka, midomo imekauka, huku akituomba tusitikisike. Jua likapita minara. Harufu ya futari za watu ikaanza kutambaa vichochoroni, nasi tumo ndani ya gari lisilokwenda popote.

Hatimaye Baba aliinua kichwa. "Shukeni mkafuturu. Tutajaribu kesho."

"Usiku huu mwezi ukiandama?" Mama aliuliza kutoka ndani ya gari. "Kesho mama yako atasali Idi na nani? Hatushuki."

"Hatushuki," Bi Mize akaitikia.

Na adhana ya magharibi ikatukuta humo humo. Ilikuwa zamu ya baraza kunyanyuka. Wanaume wale wale waliotucheka mchana walikuja mbio na tende, maji, na vikombe vya uji, wakavipitisha madirishani kwa adabu, macho wameyainamisha. Mzee Makame mwenyewe alileta sahani ya mihogo ya nazi kutoka kwake.

"Kuleni, jamaa, kuleni!" alisema. "Kila tonge ni msaada kwa Mwalimu!"

Sijui kama ni tonge, au msasa, au dua. Najua tu kwamba nilikuwa na tende mdomoni niliposikia chuma kikiteleza ndani ya chuma, na sauti ya Baba ikisema, chini sana, "Alhamdulillahi." Hakuwa amekula hata tende moja. Mzee Makame alipiga magoti mkekani akamtia ya kwanza mdomoni, kwa sababu mikono ya Baba ilikuwa nyeusi kwa grisi.

Mwezi haukuandama usiku ule, tukabakiwa na siku moja ya saumu. Asubuhi tulikwenda Bububu. Bibi alilizunguka gari, akaligonga kwa bakora, akapanda kwa sura ya mtu anayewafurahisha watoto. Tulipofika penye mashimo makubwa tuligeuka sote kumtazama. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea bega la Mama. Hakuamka hadi Malindi. Baba aliendesha akiwa amenyooka kama mlingoti wa bendera ya shule.

Leo, ndugu zangu wa rika langu, natazama vijana wanaotufuata. Gurudumu likipungua upepo, wanatafuta gereji. Gari likiwa huko, wao wamekaa benchini wakitazama saa. Siwalaumu mafundi, kwani kazi yao ni ya heshima na wanaifanya kwa ustadi ambao Baba hakuwa nao. Gari la ofisini kwetu lilifungwa springi mpya hivi karibuni. Liliingia gereji, likatoka, nasi tukapanda. Hakuna aliyejua waliolifunga, wala hakuna aliyefuturu ndani yake. Linakwenda vizuri mno, na silijui.

Bibi ameshatangulia mbele ya haki, na gari letu Baba alimuuzia mkulima wa Chukwani, ambaye bado hulileta mjini na ndizi. Bi Mize hatoki tena mbali na mlango wake. Lakini kila linapopita uwanjani, hunyanyua kidole kuwanyamazisha wajukuu zake, husikiliza nyuma ya gari hadi lipotee, kisha huwaambia:

"Mnazisikia springi hizo? Hizo nilizifunga mimi."