Kibodi Iliyokosa L Msibani

Mkasa huu nikiusimulia bado najisikia kuficha uso, maana baadhi yenu mlikuwepo siku ile ya msiba kijijini Kikwe na mlicheka, na wala siwalaumu, ningekuwa nimekaa kule nyuma kwenye viti vya plastiki na mimi ningecheka. Lakini nilikuwa mbele na wakwe wenzangu, nimevaa koti, na kosa lilikuwa langu.

Baba mkwe wangu, Mzee Kaaya, alifariki baada ya kuugua muda mrefu, na kwenye kikao cha familia nikapewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Nilipewa kwa sababu mimi ndiye mkwe mwenye kompyuta (kazini nikizima printa na kuiwasha tena inakubali, basi ukweni najulikana kama mtaalamu). Shemeji yangu Elibariki, kifungua mimba wa mzee, ndiye angeusoma. Mama mkwe aliomba jambo moja tu, habari ya mfereji isiachwe.

Mzee alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji wa maji ya mashambani kwa miaka mingi, akichaguliwa na wakulima wenyewe, na kuna kipindi watu walieneza kwamba amekula saruji ya kujengea mfereji. Baadaye ikaonekana saruji iliganda stoo kwa mvua, mifuko imekuwa mawe, lakini waliosema hawakurudi kusema kwamba walikosea. Mama alitaka watu wote wasikie, siku ya kumzika, kwamba mume wake aliondoka akiwa msafi.

Basi mchana nikakaa nyumbani Lemara, nikafungua kompyuta, nikaandika jina lake vizuri, na nilipofika "alizaliwa" ikatokea "aizaiwa". Kitufe cha L kimekufa. Nikazima, nikawasha. Nikaigeuza kompyuta miguu juu nikaipigapiga mgongoni, zikadondoka chenga za mkate, L haikurudi. Nikapuliza, nikachokonoa na kijiti cha meno, mwisho nikakibandua kitufe chenyewe kwa ncha ya kisu, kikaruka chini ya kabati, na nilipokipata hakikutaka kukaa tena mahali pake. Mke wangu akasema, "Si uandike kwenye simu, baba Upendo?" Nikamjibu kwamba wasifu wa mtu mzima hauandikwi kwenye simu. (Kumbe ndani ya kompyuta ileile kuna kibodi inayotokea kwenye kioo, unabonyeza herufi kwa mausi. Nimekuja kujua juzi.)

Sasa huwezi kumzika mtu kwa Kiswahili bila L. Alizaliwa, alisoma, alioa, alilima, zote zinaitaka. Nikaamua kila penye L niweke R, kisha nikifika mjini kwenye steshenari niiambie kompyuta yao igeuze zote kwa mpigo. Mtu mwenye akili angeweka Q au X, herufi ambazo Kiswahili hakina kazi nazo, lakini mimi nikaona R bado inasomeka, kwa sababu huku kwetu tunaozichanganya L na R tupo wengi na tunaelewana. Nikaandika "arizariwa" na "aririma" bila wasiwasi, nikawa nacheka mwenyewe.

Pale steshenari nikachomeka flashi, nikabonyeza geuza zote, na R zote zikawa L, pamoja na zile zilizokuwa R halali tangu mwanzo. Nikaona "malehemu", nikaona "Alusha", nikaona "Elibaliki", nikatulia nikaanza kuzirekebisha moja moja. Mistari myekundu haikunisaidia, maana kompyuta ile Kiswahili chote inakipigia mstari kama mwalimu mwenye hasira. Kwa hiyo nikawa natafuta kwa macho maneno yaliyoharibika, na lisilotisha nikalipita. Nikachapisha nikiwa nimeridhika kabisa.

Elibariki akasoma vizuri, ana sauti nzuri. Alipofika kwenye ndoa akasoma kwamba mzee alitoa mahali yote mwenyewe bila kuchangiwa, akasita kidogo, watu wakatabasamu, akaendelea. Mimi jasho likaanza kunitoka kwa sababu nilijua niliandika mahari, na kwamba kama hilo limenipita, basi kuna mengine. Nikawa nalitafuta kichwani lile jingine nikachelewa.

"Mzee hakuwa na mjomba mkubwa serikalini," Elibariki akasoma, "alidumu kwenye kiti cha mfereji kwa kula tu."

Halafu mtu akacheka nyuma, kicheko cha puani, na wengine wakamfuata. Elibariki akaitazama karatasi, akanitazama mimi. Nikasimama, nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Samahanini wafiwa, kosa ni langu, neno hilo ni kula, siyo kula."

Hapo hata wale waliokuwa wamejizuia walishindwa. Mchungaji akaanzisha wimbo kutuokoa. Mama mkwe hakugeuka, alikuwa anatazama jeneza.

Baada ya maziko, nikiwa kwenye foleni ya kunawa mikono, nikamsikia mzee mmoja akimwambia mwenzake, taratibu tu, wala bila ubaya, "Hata familia yenyewe imekiri." Chakula kilinishinda.

Mama akaniita ndani. Nilitegemea anigombeze, nilitamani anigombeze. Akasema, "Mkwe wangu, hayo maneno alizeeka nayo. Nilitaka leo yaishe." Ilinichoma kwa sababu waliomsingizia walikuwa maadui zake, na mimi nilikuwa nampenda yule mzee, nimeyarudia yaleyale kwa kiburi cha kukataa simu.

Tangu siku ile siandiki kitu cha mtu bila kumsomea mtu kwa sauti kabla hakijatoka. Neno lililoharibika linajionyesha lenyewe, lakini neno zima lililokaa mahali pasipo pake, jicho linalipita. Nimelipa ada yangu kujifunza hilo.

Jumapili iliyofuata nilirudi Kikwe na wasifu mpya, nikaanza na mama. Alikaa amejifunika kanga, amefumba macho, nikasoma polepole, na nilipofika kwenye mfereji nikaushika ulimi wangu, nikasema kwamba alidumu kwenye kiti kwa kura tu.

"Rudia," mama akasema.

Nikarudia.

"Sasa simama pale mlangoni, wanaopita njiani wasikie," akasema, "urudie tena."